Chemirocha Wanamjua, Chemutoi Je?

Ndugu msomaji, ukitaka kuzua ugomvi katika boma la Mkenya wa Bonde la Ufa, zima redio wakati wa muziki wa kantri. Hapa Nakuru kuna wazee waliozaliwa Subukia, Molo na Bahati, ambao Marekani wanaiona kwenye ramani tu, lakini nyimbo za Jim Reeves na Dolly Parton wanazijua neno kwa neno kama Baba Yetu. Mjomba wangu, fundi wa redio na simu hapa mjini, ni mmoja wao. Kwenye kibanda chake huongei mpaka wimbo uishe. Ni yeye aliyenisikilizisha wimbo uitwao "Chemirocha", akiwa na furaha kama mtu aliyeokota noti ya elfu, akaniambia, "Sikia, mpwa wangu, hata kule Kericho walimwimba Jimmie Rodgers!" Tangu siku hiyo tunabishana. Yeye anasema wimbo ule ni sifa ya Jimmie Rodgers. Mimi nasema ni wa Chemutoi.

Chemutoi ndiye nani? Hapo ndipo ubishi wenyewe unapoanzia, maana hata wewe unayesoma pengine hujawahi kulisikia jina hilo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aliyeitwa Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika wilaya ya Kericho ya wakati huo, akiwa na mashine za kunasia sauti. Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903, akaja Afrika angali kijana kumsaidia ndugu yake katika shamba la tumbaku huko Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Badala ya kushikwa na tumbaku akashikwa na nyimbo za watu waliofanya kazi shambani. Basi akazunguka nchi baada ya nchi akinasa muziki ambao aliogopa utapotea, na mwaka 1954 akaanzisha huko Afrika Kusini maktaba kubwa ya muziki wa Kiafrika, ILAM kwa kifupi. Kazi haikuwa ya lelemama. Vijijini hakukuwa na stima, kwa hivyo ilibidi atembee na jenereta yake mwenyewe, nayo iwekwe mbali ili ngurumo yake isiingie ndani ya wimbo.

Katika ziara hiyo kwa Wakipsigis alinasa nyimbo tatu zenye jina moja, "Chemirocha". Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliimbwa na wasichana, na kiongozi wao akaandikwa kwa jina la Chemutoi Ketienya. Ala ni moja tu, chepkong, kinubi cha Wakipsigis, ndugu yake nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Wimbo wenyewe haufiki hata dakika mbili. Ukichemsha maji ya chai utaurudia mara nne kabla hayajatokota. Lakini kati ya zile tatu, huu wa wasichana ndio uliotembea dunia nzima.

Sasa huyu Jimmie Rodgers. Alizaliwa Mississippi, kusini mwa Marekani, mwaka 1897, akafanya kazi ya breki kwenye treni za mizigo. (Mjomba anampenda zaidi kwa sababu hiyo. Nakuru ni mji wa reli, reli ilifika hapa mwaka 1900, na ukoo wetu umekula mkate wa reli.) Huko relini Rodgers alisikia vibarua weusi wakiimba bluzi, akajifunza kwao, kisha akaongeza kitu kiitwacho yodeli. Ukitaka kujua yodeli ni nini, msikilize jogoo mchanga anayejifunza kuwika: sauti inatoka kifuani halafu ghafla inaruka kichwani. Mwaka 1927 akarekodi wimbo wake wa kwanza wa namna hiyo, "Blue Yodel", na santuri zake zikauzwa kama maandazi ya moto. Hakufaidi sana. Kifua kikuu kilimwua tarehe 26 Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Wakati Chemutoi anasimama mbele ya Tracey, Rodgers alikuwa ameshalala kaburini miaka 17, na huenda baadhi ya wale wasichana hawakuwa wamezaliwa alipokufa.

Lakini santuri hazifi. Gramafoni ya zamani haikuhitaji stima. Ulizungusha mkono wake kama unavyozungusha kisima, ukaweka sindano, ikaimba dakika tatu hivi, ukageuza upande wa pili. Kericho kulikuwa na walowezi, mashamba makubwa ya chai na wamishonari, na kila msimulizi ana jibu lake kuhusu ni nani kati yao aliyeleta sanduku lile la kuimba. Lililo hakika ni kwamba Wakipsigis waliisikia sauti ya Rodgers, wakaulizana huyu ni nani, wakaambiwa jina. Na jina la mgeni likiingia katika lugha ya watu lazima livue viatu mlangoni. "Jimmie Rodgers" likawa "Chemirocha".

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa maana watu wengi hupapita mbio. Wenzetu Wakalenjin mlio hapa shuleni mnajua kwamba majina mengi ya wasichana huanza na Che au Chep: Chebet, Chepkoech, Chelagat. Ya wavulana mara nyingi huanza na Kip: Kiprono, Kipkoech. Najua, najua, kuna Cheruiyot na yeye ni mwanaume, msije mkanivamia kantini. Lakini sikio langu linaniambia hivi: yule Mmarekani wa reli alipofika Kapkatet hakuitwa Kipirocha. Alipewa jina linaloanza kama la Chemutoi mwenyewe. Wasichana walimbatiza.

Na hawakuishia kwenye jina. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha wa wasichana wale si binadamu kamili, ni nusu mtu na nusu paa. Wanamhimiza acheze ule mchezo wa kuruka wa Kikipsigis, aruke kwa nguvu, aruke mpaka nguo zimtoke mwilini. (Mwalimu mlezi wa chama, nakusihi usiikate sehemu hii, ni historia.) Mimi nikiwazia napata kicheko. Hebu fikiria: mwanamuziki tajiri wa Marekani, na wasichana wa kijijini wanamfanya mnyama wa msituni, wanamwambia, haya, ruka tukuone! Je, hiyo ni sifa? Mjomba anasema ni sifa. Mimi nasikia utani, tena utani wa wasichana walio pamoja ambao hawamwogopi mtu.

Sikiliza muziki wenyewe sasa. Hakuna gitaa. Hakuna yodeli hata chembe. Kama walitaka kumwiga Rodgers, kuruka kwa sauti ndiko kungekuwa rahisi kuiga, maana hata watoto wa darasa la kwanza hukuweza. Hawakukutaka. Kinubi kinaanza kwa sauti nzito kama mtu anayepiga hatua polepole, kinarudia mviringo ule ule bila kuchoka. Kisha Chemutoi anaingia juu yake, sauti nyembamba, haina haraka, haipigi kelele. Haisukumi. Wenzake wanamjibu, anatupa tena, wanadaka tena. Mara ya kwanza niliona ni wimbo mdogo tu wa kitoto. Mara ya tano nilikuwa nimeketi juu ya kreti la soda pale kwa mjomba, nimesahau kwamba nilitumwa sukari.

Wanakwaya wenzangu mnaujua mtindo huo wa kutupa na kudaka. Ndio tunaoutumia kanisani kila Jumapili: mmoja anaanzisha, umati unajibu. Watu weusi wa Mississippi waliutumia shambani, wakaupeleka kanisani, ukawa nyimbo za injili. Bluzi nayo ilikua jirani na kanisa hilo hilo, mwimbaji akiimba mstari, gitaa lake likimjibu kama kwaya. Sisemi kwamba watu wale walitoka Kericho, la hasha! Wengi wa mababu zao walitekwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Ninachosema ni kwamba Rodgers alichota maji katika kisima ambacho hakukichimba yeye. Basi anapokuja mtu kuniambia kwamba wasichana wa Kapkatet "waliathiriwa" na Rodgers, ninauliza, yeye Rodgers aliathiriwa na nani, na mbona wale vibarua wa reli hawana majina?

Kuna mfano mwingine ambao nilimwekea mjomba mezani kama karata ya mwisho. Julai 1930, huko Los Angeles, Rodgers alirekodi wimbo wake wa "Blue Yodel" namba 9. Aliyempigia tarumbeta alikuwa Louis Armstrong, na aliyempigia piano alikuwa Lil Hardin, mke wa Armstrong wakati huo, mpiga piano na mtunzi kwa haki yake. Santuri ilipotoka, jina lililoandikwa lilikuwa la Rodgers. Ya hao wawili hayakuwepo. Baadaye dunia ikamkumbuka Louis, kwa sababu Louis alikuwa amekuwa mkubwa kuliko mlima. Na Lil? Ukimtaja, watu husema, "Ah, yule bibi ya Armstrong."

Mjomba hakunyamaza. Mjomba hanyamazi. Aliweka chini chuma chake cha kulehemu akasema, "Sawa, lakini fikiria hivi. Kama wale wasichana hawangetaja jina la Jimmie Rodgers, nani angeujali wimbo wao? Ungekuwa mmoja kati ya maelfu aliyonasa yule mzungu. Jina la Rodgers ndilo lililomfanya hata wewe umjue Chemutoi." Nakiri hoja hiyo ina miguu. Mfululizo wa santuri za Tracey uitwao "Sound of Africa" una santuri zaidi ya mia mbili, na ni nyimbo chache tu zinazotajwa na watu wa kawaida. Wazungu na Wamarekani wanapoisikia "Chemirocha" wanapenda kwa sababu wanajiona ndani yake. Lakini mlango uliokuingiza nyumbani kwa mtu si mwenye nyumba. Umeshaingia, salimia.

Tena kuna mwimbaji mwingine aliyenaswa na Tracey huyo huyo, miaka miwili tu baadaye, 1952, kule Jadotville, Kongo, mji ambao leo ni Likasi. Ni Jean Bosco Mwenda. Huyu alikuwa mwanaume na gitaa lake, akiimba Kiswahili cha kwao. Wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza vidole vyake, jina lake likaandikwa vitabuni, na mpaka leo mzee yeyote anayejua gitaa kavu atakuambia habari za Bosco. Sina ubaya na Bosco, Mungu amweke pema, "Masanga" yake ni tamu ajabu. Lakini pima mwenyewe: mwanaume mmoja na gitaa ni "msanii". Msichana mmoja na wenzake ni "wasichana wa Kipsigis". Mara nyingi wimbo unapotajwa, hayo ndiyo maneno yanayotumika, "wasichana wa Kipsigis", kama vile waliota shambani pamoja siku moja na sauti zao zikawa moja.

Labda unashangaa mbona jambo hili linaniwasha hivyo, na mimi si Mkipsigis. Nitakuambia. Mwaka jana kwaya yetu ya mtaani ilishiriki tamasha fulani la muziki. Wimbo tulioupeleka, beti mbili zilikuwa za msolo, na msolo nilikuwa mimi. Nilifanya mazoezi mpaka mama akaniambia nyumba nzima imepata homa ya wimbo huo. Tulipopata karatasi ya ratiba, palikuwa na jina la mwelekezi, jina la mpiga kinanda, jina la mdhamini, na hata jina la mtu aliyetukodisha sare. Kisha: "na wanafunzi". Tulishika nafasi ya pili. Watu walinijia wakanishika mkono wakasema, "Umeimba vizuri, wewe nani?" Karatasi ile bado ninayo, ndani ya kamusi yangu. Siilalamikii sana. Lakini nilipoona "na wasichana" imeandikwa mbele ya wimbo wa mwaka 1950, nilijua ladha yake.

Na tofauti ni kwamba jina la Chemutoi liliandikwa! Tracey, pamoja na yote, alilichukua kalamu akaliandika. Lipo. Ni sisi tunaolikunja na kuliweka mfukoni tukienda kusimulia habari za Rodgers.

Katika ploti yetu kuna bibi mmoja Mkipsigis, sisi sote watoto tunamwita Kogo, kama wanavyomwita wajukuu wake. Alitoka pande za Litein zamani. Nilimwomba mjomba aniwekee wimbo kwenye simu, nikampelekea jioni moja akichambua mboga. Nilimwambia tu, "Kogo, sikiliza huu." Sikumtajia Rodgers wala Tracey. Alisikiliza wa kwanza mikono ikiendelea na managu. Wa pili mikono ikasimama. Wa tatu akafunika mdomo akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Nilingoja aniulize Chemirocha ni nani, maana ndilo swali ambalo kila mtu huniuliza, mwalimu, mjomba, wanafunzi wenzangu, kila mtu.

Kogo aliuliza, "Huyu anayeanzisha ni binti ya nani?"

Nikamwambia imeandikwa Chemutoi Ketienya. Akalitia jina hilo mdomoni, akaligeuza, akatikisa kichwa. "Chemutoi hapana," akasema. "Hiyo ni Chemutai. Mzungu hakusikia vizuri." Chemutai, akanieleza, ni msichana aliyezaliwa asubuhi. Sijui kama Kogo ana haki. Majina ya zamani yana njia zake, na mimi nitaendelea kuandika Chemutoi kama lilivyoandikwa mpaka mtu wa ukoo wake aseme vingine. Lakini kama Kogo amenena kweli, basi ona mchezo ulivyokuwa siku ile Kapkatet: msichana aligeuza jina la Mmarekani, na Mwingereza akageuza jina la msichana, na wote wawili wakaendelea na kazi yao bila kujua.

Halafu Kogo akanifanyia jambo ambalo hata mjomba na santuri zake zote hangeweza. Aliimba sehemu ya wale wanaojibu. Si maneno ya wimbo ule, alisema hakuwahi kuujua, bali jinsi wasichana wa zama zake walivyokuwa wakijibu. Alinifundisha kwamba wanaojibu hawamfuati kiongozi nyuma kama ng'ombe; wanamshika kabla hajafika chini, ili asianguke. Jaribu kuimba hivyo. Ni kazi ngumu kuliko msolo. Basi hata lile neno "wenzake" sasa nalisikia tofauti, na ningependa kuyajua majina yao pia, mmoja mmoja.

Habari njema ni kwamba katikati ya miaka ya 2010 ile maktaba ya ILAM, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala za nyimbo hizi kwa Wakipsigis, miaka zaidi ya sitini baada ya Tracey kuondoka na lori lake. Wazee wakasikia sauti za ujana wao zikitoka kwenye spika. Nilipomwambia mjomba, alisahau ubishi wetu kwa muda akasema, "Hiyo ni haki." Kisha akakumbuka, akaweka Jimmie Rodgers, akaongeza sauti.

Kwa hivyo nina ombi kwa wenzangu ambao nyumbani kwenu ni Kericho, Bureti, Sotik au Bomet. Likizo ya Agosti inakuja. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1950 sasa amepita miaka tisini, lakini nyanya za umri huo bado wapo, nasi tunawapita sokoni kila siku. Mkiketi nao, wawekeeni wimbo huu kwenye simu. Msiwaulize habari za Chemirocha. Waulizeni swali la Kogo. Mkipata jibu, nipo Kidato cha Tatu, dawati la pili kutoka dirishani, na kalamu ninayo.